Avuani au masoso? Jibu kwa mama wa Kadutu

"Docta, mimi ni mama wa miaka 51, naishi Kadutu, nauza unga na viungo sokoni. Mume wangu ana ugonjwa wa sukari, sasa ni mwaka wa sita. Walimwandikia metformini, na mwaka huu wakamwambia kolesteroli yake imepanda kidogo. Binti yetu wa Nairobi alituletea pakiti mbili za avuani, ile nafaka ya uji ambayo huko wanaiita oti. Alisema baba yake akiinywa kila asubuhi sukari itashuka na ataweza kuacha dawa. Kwenye simu tukapata ujumbe kwamba isichemshwe, moto unaua nguvu yake: uiloweke usiku, asubuhi uichuje, unywe yale maji na asali. Tumefanya hivyo wiki mbili. Tumbo linamjaa gesi, saa nne njaa imemshika, na juzi sukari ilikuwa 210 asubuhi kabla hajala. Pakiti zinakwisha, na hapa Bukavu bei yake inanitisha. Niendelee kununua? Niache masoso tuliyoyazoea, ule unga wa mtama, mahindi na soya? Na mjukuu wetu wa miezi minane, nimpe avuani badala ya uji wa masoso? Majirani wanasema hicho ni chakula cha wazungu na wagonjwa. Naomba unieleze vizuri."

Mama, asante kwa kuandika kwa urefu na bila kuficha. Umeniita docta, mimi ni mtaalamu wa lishe, chakula ndiyo kazi yangu, dawa ni za daktari. Lakini barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa natafuta sentensi moja ambayo sikuikuta. Hukusema kama baba bado anameza vidonge vyake. Umesema walimwandikia, umesema binti alimwahidi ataviacha, halafu ukataja 210. Kwa hiyo kabla ya habari ya uji, nakuomba leo jioni umuulize kwa upole, kisha uvihesabu vilivyobaki kwenye pakiti. Kama ameviacha, kesho aende kwa anayemtibu, amwambie ukweli, aanze tena kama alivyoandikiwa. Asione haya. Wagonjwa wengi wamepita njia hiyo, na anayemtibu anapenda kusikia hivyo kuliko kumwongezea dawa ya pili bila kujua kwamba ya kwanza haimezwi.

Hiyo 210 (miligramu kwa desilita) ndiyo iliyonishtua, na nitakueleza sababu. Sukari inayopimwa asubuhi kabla ya kula haitoki kwenye kile atakachokula, na chakula cha jana usiku nacho kimekwisha kupita. Sehemu kubwa inatoka kwenye ini. Mtu akilala hali kitu, lakini ubongo na moyo havilali. Vinahitaji sukari usiku kucha. Ini ndilo ghala. Linafungua mlango kidogo kidogo na kutoa sukari kwenye damu mpaka kuche. Kwa mtu mzima wa afya, insulini inasimama pale mlangoni na kusema imetosha. Kwa mwenye ugonjwa wa sukari wa aina ya 2, ini halimsikii mlinzi huyo vizuri, linaendelea kumwaga. Metformini inafanya kazi yake kubwa hapo hapo, kwenye ini, kupunguza mmwagiko huo wa usiku. Avuani inafanya kazi tumboni na kwenye utumbo, chakula kikiwa kinapita. Ni milango miwili, na ufunguo wa mmoja haufungui mwingine. Hata angekula avuani safi, iliyopikwa vizuri, kila siku, mlango wa ini ungebaki bila mtu. Binti yako amesema kwa upendo, na nusu ya maneno yake ni kweli, lakini ile nusu ya kuacha dawa uifute kabisa.

Sasa tuje kwenye chakula chenyewe. Dukani kwetu pakiti imeandikwa kwa Kifaransa "flocons d'avoine", na sisi tunasema avuani. Wenzetu wa Nairobi na Dar es Salaam wanasema oti. Wengine wanaiita shayiri, lakini shayiri halisi ni nafaka nyingine, ile inayotengenezewa kimea cha bia. Ni ndugu, hata utelezi, nitakaoueleza mbele, wanashirikiana, ila si mmoja. Na kuhusu majirani: avuani ilianza kama gugu kwenye mashamba ya ngano na shayiri, kisha watu wa nchi za baridi wakaona inastahimili mvua na ubaridi kuliko ngano yao, wakaanza kuilima. Uskoti iliwalisha wakulima maskini kwa karne nyingi, na sehemu nyingine wakawapa farasi. Hata habari ya sukari si mpya. Mwanzoni mwa karne ya 20, kabla insulini haijagunduliwa, daktari Mjerumani Carl von Noorden aliwalisha wagonjwa wake wa sukari uji wa avuani kwa siku kadhaa mfululizo, na wengine sukari yao ilishuka. Kwa hiyo binti hakuota. Lakini insulini ilipogunduliwa mwaka 1921, madaktari waliishika haraka, kwa sababu uji peke yake haukuwa umeokoa maisha ya kutosha.

Nguvu ya avuani iko wapi? Fanya jaribio dogo pale kwako. Weka kijiko kimoja kwenye kikombe, mwagia maji ya vuguvugu, ngoja dakika kumi, halafu chukua vipande vichache uvisugue kati ya kidole gumba na cha shahada. Utasikia vinateleza, kama bamia iliyokatwa sasa hivi. Kisha fanya hivyo hivyo na unga wako wa masoso. Utapata tope laini, utapata uzito, lakini utelezi ule hautausikia.

Utelezi huo ni aina ya nyuzinyuzi zinazoyeyuka majini, jina lake beta-glukani. Katika gramu 100 za avuani kavu mna karibu gramu 4. Zikifika tumboni zinafanya maji ya chakula yawe mazito na ya kuvutika. Tumbo linachelewa kujimwaga kwenye utumbo, wanga unakaa umefungwa ndani ya ute, na sukari inaingia kwenye damu polepole badala ya kumiminika kwa mara moja. Ndiyo maana mtu aliyekula avuani nzito anafika saa sita bila kutafuta mandazi.

Kolesteroli nayo inashughulikiwa na ute huo huo, kwa njia ya nyongo. Ini linatengeneza nyongo kutoka kwenye kolesteroli, linaimwaga kwenye utumbo isaidie kusaga mafuta, kisha kwenye mwisho wa utumbo mwembamba sehemu kubwa inafyonzwa na kurudi kwenye ini itumike tena. Ni kama chupa za bia zinazorudishwa kiwandani. Utelezi wa avuani unainasa baadhi ya nyongo hiyo na kutoka nayo chooni. Ini likiona chupa hazirudi, linalazimika kutengeneza mpya, na kolesteroli ya kutengenezea linaichota kwenye damu. Kwa gramu 3 za beta-glukani kila siku, kolesteroli mbaya hushuka kwa kiasi cha asilimia 5, pengine hadi 7. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu viwanda kuandika habari hiyo kwenye pakiti tangu mwaka 1997, na gramu 3 ndizo zilizotajwa. Ni faida ya kweli, ila ni ya kadiri. Haifiki pale dawa ya kolesteroli inapofika, na kama daktari ataona moyo wa baba unahitaji dawa, uji usisimame mbele yake.

Ukishaelewa utelezi, utaona mara moja ujumbe wa kwenye simu umewaharibia wapi. Kwanza, moto hauui kitu hapo. Avuani mnayonunua si mbichi: kiwandani inapitishwa kwenye mvuke kabla ya kubanwa, kwa sababu punje mbichi ikivunjwa, mafuta yake huharibika upesi na kuwa machungu. Pili, maji baridi yanatoa utelezi kidogo tu. Moto ndio unaoufungua. Tatu, mkichuja, kinachobaki kwenye kitambaa ndicho mlichokilipia: sehemu kubwa ya nyuzinyuzi, sehemu kubwa ya protini, madini ya chuma na magnesi. Baba anakunywa maji meupe yenye wanga kidogo, na kijiko kikubwa cha asali, ambacho ndani yake kina karibu gramu 17 za sukari. Njaa ya saa nne ndiyo majibu ya mwili wake. Hajala.

Na kuna jambo ambalo mtu aliyetunga ujumbe huo hakulifikiria, kwa sababu labda hakai kwetu. Kuloweka usiku kucha kwenye maji ambayo hayakuchemshwa, kisha kunywa bila kupika, huku Kivu ambako kipindupindu hakijatuacha? Hapana, mama. Kuloweka ni kuzuri, kunalainisha na kunaokoa makala ya kupikia, lakini loweka kwenye maji yaliyochemshwa, funika, na asubuhi chemsha.

Gesi haina hatari. Bakteria wa utumbo mpana wanachachusha nyuzinyuzi ambazo hawajazizoea, na hewa ndiyo moshi wa jiko lao. Aanze na vijiko vitatu vikubwa kwa wiki moja, aongeze polepole, na anywe maji ya kutosha mchana, kwa kuwa nyuzinyuzi bila maji zinaweza kumfunga choo. Metformini yenyewe huleta gesi na kuharisha kwa baadhi ya watu, hasa ikimezwa bila chakula; hilo nalo amwambie anayemtibu badala ya kuziacha kimya kimya.

Bei ndiyo swali lako kubwa, na nitakujibu kama ninavyomjibu dada yangu. Kijiko kikubwa cha avuani, kisichofurika, ni kama gramu 5. Ili baba apate zile gramu 3 za beta-glukani, anahitaji karibu gramu 75 kwa siku, yaani vijiko 15, bakuli mbili za kiasi. Pakiti ya nusu kilo itamtosha siku sita, haifiki saba. Akila bakuli moja ya vijiko 8, itafika siku kumi na mbili. Hiyo ni kwa mtu mmoja. Ukitaka kulisha nyumba ya watu wanane kwa hesabu hiyo, faida ya meza yako itaishia kwenye pakiti. Nafaka hii inatoka Urusi, Kanada na nchi nyingine za baridi, inavuka bahari, inapanda barabara ndefu kutoka Mombasa au Dar es Salaam mpaka mpakani Ruzizi. Dola ikipanda inapanda nayo, njia ikifungwa inapotea. Huko inakolimwa ni chakula cha bei ya chini, na ndiyo maana watu wa huko wanaisifu kuwa rahisi. Kwako Kadutu sifa hiyo haijafika pamoja na pakiti.

Kwa hiyo usiache masoso. Nakuambia hivyo nikiwa nayajua mapungufu yake. Mtama una protini gramu 10 hivi katika gramu 100, mahindi 8 au 9, soya karibu 36. Changanya vizuri utafika au utapita gramu 13 za avuani. Tena soya ina kile ambacho nafaka zinapungukiwa, kipande cha kujengea protini kiitwacho lisini, na mtoto anayekua anakihitaji sana. Linganisha na unga wa muhogo, ambao una gramu 1 au 2 tu. Pale masoso yanaposhindwa na avuani ni kwenye utelezi, na kwenye usagaji. Unga uliosagwa laini sana, uji mwepesi wa kunywewa kikombeni, sukari vijiko vitatu: kwa mgonjwa wa sukari hiyo inaingia kwenye damu mbio. Lakini wewe unauza unga, unayo nafasi ambayo wengine hawana. Mwambie mwenye mashine akusagie ya baba kwa chujio la matundu makubwa, mtama usikobolewe, soya iwe karibu theluthi moja. Na soya ikaangwe kwanza mpaka rangi igeuke na harufu ya maharagwe mabichi iishe, kwani soya mbichi ina kitu kinachozuia protini isisagike tumboni. Mahindi yaliyoshika ukungu yatupe, hata kama yanauma kuyatupa. Ile sumu ya ukungu haifi kwa kuchemsha na inaliharibu ini.

Kuna chakula kingine ambacho hukunitajia hata kidogo, nami nimekingoja tangu mwanzo wa barua yako: maharagwe. Mama, kama ningepewa faranga zako nikaambiwa nimsaidie baba mwenye sukari na kolesteroli, ningeanza na maharagwe kabla ya avuani. Yana nyuzinyuzi nyingi kuliko avuani kwa uzito ule ule, na sehemu yake inayeyuka na kuifuata nyongo kwa njia ile ile niliyokueleza. Sukari yake inaingia kwenye damu polepole sana. Protini inapita gramu 20 katika gramu 100 kavu. Yanalimwa Kabare na Walungu, hayapiti baharini. Bakuli ndogo ya maharagwe kila siku hushusha kolesteroli mbaya kwa kiasi kinachokaribiana na cha avuani. Najua yanakula makala. Yaloweke tangu asubuhi, mwaga maji yale, yapike mengi kwa mara moja jioni mbabula ikiwa bado ina moto wa chakula cha wote, na ya kesho uyapashe moto vizuri. Baba akila bugali, kipande kiwe kama ngumi yake, maharagwe na mboga za lengalenga au sombe vijaze sahani, na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, pembeni. Sahani hiyo itamsaidia zaidi kuliko kikombe chochote cha asubuhi kinachofuatwa na mlima wa bugali saa nane.

Je, pakiti zilizobaki uzitupe? Hapana kabisa. Avuani ni chakula kizuri na mimi mwenyewe ninaila. Kama binti anaweza kuleta, au wiki fulani bei inaruhusu, iwe ya baba asubuhi. Chagua yenye vipande vikubwa na vinene, isiyo na sukari wala ladha ya matunda iliyotiwa kiwandani. Ile ya unga ya kumwagia maji ya moto tu, ya dakika moja, imevunjwa sana: kwenye kipimo ambacho glukosi ni 100, vipande vinene hukaa karibu 55, ya papo hapo hufika karibu 80. Ukiinunua ya kupimiwa kwenye vifuko sokoni, nusa kwanza. Avuani njema inanukia kama karanga kwa mbali. Ikinuka rangi ya ukutani au mafuta ya zamani, imekwisha kuharibika, kwa sababu ina mafuta mengi kuliko nafaka zetu, na unyevu wa Bukavu hauisamehi.

Mimi naipika hivi. Usiku naloweka vijiko vinane kwenye vikombe viwili vidogo vya maji yaliyochemshwa. Asubuhi naweka sufuria kwenye moto mdogo pamoja na maji yale yale, simwagi kitu, nakoroga. Kwenye dakika ya tatu au ya nne mapovu yanabadilika: mwanzoni yanapasuka haraka kama ya maji, baadaye yanakuwa makubwa, yanapumua polepole, na mwiko ukipita chini ya sufuria unaacha njia inayofungana taratibu. Hapo utelezi umetoka. Natia chumvi ya kubana vidole, nusu ya ndizi mbivu iliyopondwa, na kijiko cha karanga zilizosagwa. Sukari sitii, na asali ni sukari pia. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 50 za sukari ya kuongezwa kwa siku, na ikiwezekana abaki chini ya 25. Vijiko viwili vikubwa vilivyojaa vimekwisha kuifikia 25. Ulimi wa baba utalalamika wiki moja, kisha utanyamaza. Chai aicheleweshe saa moja, kwa maana inafunga madini ya chuma. Badala yake ale pera au maracuja, vinavyoyafungua.

Akila avuani mara tatu tu kwa wiki, ale kwa furaha, lakini usitegemee namba ya kolesteroli ishuke kwa avuani peke yake. Utelezi hauwekwi akiba. Unafanya kazi siku ulipoliwa.

Mjukuu ni habari nyingine, naomba hapa unisikilize sana. Mtoto wa miezi minane chakula chake cha kwanza bado ni ziwa la mama. Uji unaongezewa juu yake, mara mbili au tatu kwa siku, na akifika miezi tisa mara tatu au nne. Tumbo lake ni dogo kama ngumi yake, kwa hiyo nyuzinyuzi nyingi zinazomshibisha baba zitamshibisha yeye kabla hajapata nguvu za kutosha. Kile kinachomfaa babu kwa sababu kinashibisha upesi, ndicho kinachoweza kumpunja mtoto. Avuani laini si sumu kwake, anaweza kuonja, lakini isichukue nafasi ya masoso yenye soya iliyokaangwa vizuri. Uji wake uwe mzito, ukiinamisha kijiko usimwagike kama maji. Tia kijiko kidogo cha mawese, na unga wa sambaza: zikaushe, zikaange bila mafuta, zitwange na mifupa yake mpaka ziwe vumbi, zichujwe. Siku nyingine yai. Asali asipewe kabisa mpaka apite mwaka mmoja, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vinavyolegeza misuli ya mtoto mchanga hadi pumzi. Na uji wa muhogo mtupu usimpe. Sisi watu wa Kivu tunaijua bwaki, ule utapiamlo wa kukosa protini, kwa jina na kwa sura. Huko Lwiro, kwenye hospitali na kituo cha utafiti, wameitibu na kuichunguza kwa miaka mingi, na watoto wengi walioletwa kule walikuwa wanashiba. Walishiba muhogo, protini haikuwamo.

Mpeleke kituo cha afya wampime mkono kwa ule mkanda wa rangi. Chini ya sentimita 12.5 anahitaji kufuatiliwa, chini ya 11.5 aanzishiwe matibabu siku hiyo hiyo. Miguu ikivimba, ukibonyeza kidole kikaacha shimo, usingoje mkanda wala kesho.

Kwa baba, ishara za kwenda hospitali bila kuchelewa ni hizi: sukari inayobaki juu ya 300 kwa siku mbili, kiu na mkojo visivyokoma pamoja na kutapika, usingizi mzito usio wa kawaida, au kidonda cha mguu ambacho hakisikii maumivu. Na muulize kama kuna dawa nyingine anayomeza zaidi ya metformini, hasa glibenklamidi, au kama anajichoma insulini. Hizo mbili zinaweza kuishusha sukari kupita kiasi mtu akipunguza chakula ghafla: anatetemeka, jasho baridi, maneno yanachanganyika. Hapo mpe mara moja vijiko vitatu vidogo vya sukari kwenye maji, mpime tena baada ya dakika 15, kisha apelekwe. Kama aliwahi kuambiwa figo zake zimechoka, haya yote niliyoandika juu ya maharagwe na avuani ayapitishe kwanza kwa daktari, kwa sababu ya fosfori na potasi.

Jambo la mwisho halitakugharimu zaidi ya vipimo vinne. Chagua siku mbili za wiki ijayo, akiwa anameza dawa zake vizuri. Siku ya kwanza mpime kabla ya kula, ale bakuli ya avuani iliyopikwa kama nilivyokueleza, mpime tena saa mbili baada ya kijiko cha kwanza. Siku ya pili fanya hivyo hivyo na masoso yako yaliyosagwa kwa chujio kubwa, bila sukari, bakuli la kiasi kile kile. Kabla ya kula, wengi wanalenga kati ya 80 na 130. Baada ya saa mbili, chini ya 180. Andika tarehe, saa, chakula na namba kwenye karatasi, na siku ya kuonana na daktari baba aende nayo mfukoni pamoja na pakiti ya vidonge.